Ngumi Isiyoshuka Makambako

Sanaa za mapigano za Wachina zilihifadhiwa kwa karne nyingi ndani ya mashairi. Mwanagenzi wa taichi hakukabidhiwa kitabu chenye maelezo marefu. Alipewa beti, akazikariri kabla ya kuzielewa, na maana yake ikamfungukia kidogo kidogo kadiri mwili ulivyozoea mienendo. Ipo tungo mashuhuri ihusuyo mikao kumi na mitatu, na ipo nyingine ihusuyo kusukumana mikono. Zote mbili ni fupi, zote zina mizani, na wala hazimfai kitu asomaye peke yake chumbani. Zimejaa mafumbo ya makusudi: mtungaji alijua kwamba msomaji wa haki ni yule ambaye mwalimu amekwisha kumshika bega na kumwambia, hapa.

Neno lenyewe kungfu halina ngumi ndani yake. Maana yake ya asili ni ustadi upatikanao kwa muda mrefu na taabu nyingi, na Mchina anaweza kulitumia hata kwa aandaaye chai au aandikaye khati nzuri. Jina la mwalimu nalo lina siri yake. Shifu, kwa namna moja ya kuliandika, hukusanya herufi ya mwalimu na herufi ya baba. Anayekubaliwa kuwa mwanafunzi wa ndani hupiga magoti na kumtolea mwalimu kikombe cha chai, na tangu siku ile huingia katika ukoo: waliomtangulia huwa kaka na dada zake, na aliyemfundisha mwalimu wake huwa babu. Kisha huanza kazi, na kazi yenyewe mwanzoni haina raha. Husimamishwa katika mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, mapaja yakikaribia kulala sambamba na ardhi, mgongo wima, mpaka miguu itetemeke. Hurudia siku ya pili, na mwezi wa pili. Mfuatano wa mienendo huja baadaye, mazoezi ya wawili wawili baada ya hapo, na matumizi ya mapigano huachwa mwisho kabisa, kwani afundishwaye kupiga kabla ya kufundishwa kusimama huanguka kwa pigo lake mwenyewe.

Msomaji wa pwani hataona ugeni mkubwa katika mpango huo. Mtoto wa chuoni husoma juzuu mbele ya mwalimu aliyesoma mbele ya mwalimu, na elimu isiyo na isnadi hutiliwa shaka hata ikiwa sahihi. Mchezaji wa kirumbizi, akiingia uwanjani na fimbo yake huku zumari likilia, huwa amekwisha kuzipokea adabu za mchezo kutoka kwa wakubwa: wapi fimbo iruhusiwe kufika, na lini mkono uzuiwe. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, aliuchagua mwendo uleule wa kuuweka wasia mahali ambapo kumbukumbu haiudondoshi.

Kwa kuwa mambo ni hayo, historia ya Nyanda za Juu Kusini ina fumbo linalostahili kufumbuliwa. Kati ya mwaka 1970 na 1975 makumi ya maelfu ya watu kutoka nchi ya sanaa hiyo walifika Tanzania na Zambia. Walikaa, walilima bustani zao za mboga, walifundisha, na baadhi yao walifariki na kuzikwa. Hawakuacha ngumi. Vijana wa Iringa na Mbeya waliojifunza kungfu baadaye waliipata kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo haikuwa na mwalimu ndani yake.

Mkataba wa reli ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. China ilikopesha yuani milioni 988 bila ya riba, na ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970. Njia nzima, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilomita 1,860, lakini mafundi walioijenga waliihesabu kwa ugumu wala si kwa urefu, na kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako. Hapo reli huliacha bonde la Kilombero na kuukwea ukingo wa nyanda za juu. Sehemu kubwa ya mahandaki ya reli nzima yako hapo, na daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo ndefu mno. Makambako ya siku zile ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, kwani Mkoa wa Njombe haukuanzishwa mpaka mwaka 2012. Mji wa Iringa wenyewe, ulioketi juu ya kilima chake, haukupitiwa na reli. Mwenyeji wake akitaka treni hana budi kusafiri kwa barabara mpaka Makambako, mwendo upatao kilomita 160, kupitia Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill.

Mchina na Mtanzania waliokutana katika milima ile hawakuwa na lugha ya pamoja. Wakalimani walikuwa wachache, na kazi ilikuwa nyingi na ya hatari. Kwa hiyo watu walifundishana kwa kuoneshana. Fundi alishika chombo, akakitumia mara moja na mara ya pili, kisha akamkabidhi kijana wa Kihehe, wa Kibena au wa Jeshi la Kujenga Taifa, akasimama pembeni kutazama. Na mkono ulipokosea, mkono mwingine uliusogeza. Hivyo ndivyo yalivyofundishwa kutandika mataruma, kutoboa mwamba, kuchomelea chuma na kumwaga zege. Yaani namna ya shifu, ile ya mwili kuufundisha mwili, ilifika Makambako pamoja na reli na ikafanya kazi vizuri sana. Kilichokosekana ni sanaa yenyewe.

Sababu ya kwanza iko wazi, ingawa watu wengi huisahau. Wajenzi wa reli walikuwa wahandisi, wachimbaji, madereva, wapishi na matabibu. Kudhani kwamba kila Mchina anajua kungfu ni sawa na kudhani kwamba kila mtu wa Pemba amezaliwa akichuma karafuu. Dhana hiyo iliota mizizi baadaye, kwa sababu ya sinema, na ndiyo iliyowafanya watoto wa mitaa mingi ya Afrika kumpigia kelele za kupigana kila mgeni wa Kichina aliyepita njia.

Sababu ya pili ni maisha ya kambini. Wafanyakazi hao walikuja bila wake, walikaa katika kambi zao wenyewe, na mwenendo wao ulisimamiwa kwa ukali na viongozi wao. Ujamaa na wenyeji ulihubiriwa na ulioneshwa kazini, lakini urafiki wa kulala nyumba moja haukuruhusiwa. Katika masimulizi ya waliofanya kazi nao, yanayotajwa sana ni bidii yao, ukimya wao, uzuri wa bustani zao na jinsi mkubwa wao alivyobeba mzigo pamoja na mdogo. Ukoo wa shifu hauwezi kuzaliwa katika hali hiyo. Anayepaswa kuwa baba hakuruhusiwa hata kuwa jirani.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Miaka ile ile ambayo reli ilikuwa ikipanda kwenda Makambako, kule China kwenyewe mnyororo wa sanaa ulikuwa karibu kukatika. Mapinduzi ya Utamaduni yalianza mwaka 1966 na hayakuisha mpaka 1976. Kila kilichoitwa cha kale kilishambuliwa. Hekalu la Shaolin katika mkoa wa Henan, lenye asili ya mwaka 495, lilikuwa limekwisha kuchomwa moto na mbabe wa vita mwaka 1928. Sasa watawa wachache waliosalia walifukuzwa au kuaibishwa hadharani. Serikali haikuikataa michezo ya mwili, la hasha. Tangu mwaka 1956 ilikuwa imekwisha kutoa taichi fupi ya mienendo 24 kwa ajili ya afya ya umma. Kilichokataliwa ni ukoo, kupiga magoti na chai ya mwalimu.

Mfano wa Chen Zhaopi unatosha kuonesha hali ilivyokuwa. Kijiji cha Chenjiagou, kilicho Henan vilevile, ndicho kinachohesabiwa kuwa chimbuko la taichi. Mzee huyo alirudi huko mwaka 1958 baada ya miaka mingi ya kufundisha katika miji mikubwa, akakuta kizazi cha vijana wasioijua sanaa ya babu zao. Akaanza kuwafundisha. Mapinduzi ya Utamaduni yalipofika aliteswa na kudhalilishwa, na inasimuliwa kwamba aliendelea kufundisha kwa siri. Alifariki mwaka 1972, wakati makundi ya wajenzi yakiendelea kuikwea milima ya Iringa. Wanafunzi wake wachache ndio walioibeba taichi ya Chen mpaka ikaenea duniani, na mwaka 2020 UNESCO ikaiandika taichi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Ikiwa kijijini kwake mwenyewe ilimlazimu mwalimu kujificha, nani angethubutu kuifundisha katika kambi ya serikali, maelfu ya kilomita kutoka kwao, chini ya jicho la mkuu wa kambi?

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba vijana wa Iringa walikuwa wakisubiri kufundishwa kupigana na mgeni. Ardhi ile ilikuwa na sanaa yake ya vita, na pwani inayo sababu ya kuikumbuka.

Mwezi Agosti 1888, huko Pangani, afisa wa kampuni ya Kijerumani aitwaye Emil von Zelewski aliwadharau watu wa mji na liwali wao kiasi cha kuwasha vita vilivyokuja kuongozwa na Abushiri. Watu walimwita Nyundo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Nyundo akapandishwa cheo. Miaka miwili baadaye alipelekwa na jeshi kuwatia adabu Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, msafara wake ulikuwa ukipita katika mstari mrefu, mizinga na bunduki za rasharasha zimefungwa juu ya punda. Mashujaa wa Mkwavinyika, ambaye wengi humwita Mkwawa, walikuwa wamelala majanini kwa maelfu. Ishara ilipotolewa waliinuka na mikuki, na katika dakika chache Nyundo, Wajerumani wenzake tisa na askari weusi wapatao 300 walikuwa wamekufa.

Ushindi huo husimuliwa kama ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Lakini kulala kimya kwa maelfu ya watu, adui akipita mbele ya macho, na kutoinuka mpaka ishara, halikuwa jambo la ghadhabu. Hilo hufundishwa. Wahehe chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, walikuwa wamejifunza mkuki mfupi wa kuchoma na mpango wa vikosi katika vita vyao na Wasangu na Wangoni, na vijana walilelewa katika mafunzo hayo kabla ya kuhesabiwa wanaume. Yalikuwapo mazoezi, zikawapo nyimbo na majigambo ya kuyahifadhi, kukawapo wakubwa wa kuyasahihisha.

Mnyororo huo ulikatwa katika miaka minne. Ngome ya Kalenga ilibomolewa kwa mizinga na kutekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alipigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, akajiua kuliko kukamatwa. Baada ya hapo vijana wa Kihehe waliopenda silaha waliandikishwa katika majeshi ya watawala, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, wakafundishwa kwata na bunduki. Fuvu la Mkwawa, lililotajwa mpaka katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lilirudishwa mwaka 1954 na linatazamwa na wageni katika makumbusho ya Kalenga. Mikuki ipo pia. Mkono uliojua namna ya kuushika mkuki ule pale Lugalo haukuwekwa katika kabati lolote la kioo, kwa kuwa hauwekeki.

Basi katika nchi hiyo, ambayo sanaa yake ya mapigano ilikuwa imebaki masimulizi, ikaingia sinema.

Filamu zilizoifikisha kungfu Afrika Mashariki hazikutoka Beijing. Zilitoka Hong Kong, iliyokuwa koloni la Waingereza, mahali ambapo mafundi wengi waliokimbia misukosuko ya China bara walikuwa wamepata hifadhi. Bruce Lee aliyeyateka macho ya dunia alikuwa amejifunza huko kwa Ip Man, mkimbizi wa namna hiyo. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, kabla filamu yake Enter the Dragon haijatoka. Mwezi uliofuata reli ya Wachina ilifika Tunduma, mpakani mwa Zambia. Matukio mawili hayo hayana uhusiano wowote, ila kwamba kijana wa Mbeya wa siku zile angeweza kuona Wachina wa aina mbili kwa wakati mmoja: wa kwanza wakiwa hai mbele yake, wamevaa nguo za kazi, hawasemi wala hawapigi mtu; wa pili akiwa kivuli ukutani, kifua wazi, akiruka. Haihitaji hekima kubwa kutambua ni yupi aliyeigwa.

Shirika la filamu la serikali, lililoanzishwa mwaka 1968, lilikuwa limekabidhiwa uagizaji na usambazaji, na filamu za ngumi zilijaza majumba ya Dar es Salaam na Unguja kabla ya mikanda kuzungushwa katika miji ya bara. Majestic ya Vuga iliwaona vijana wake wakitoka nje huku wakirusha mateke hewani. Majumba yalipozorota, katika miaka ya 1980 na 1990, vikaja vibanda vya video: chumba cha mabanzi au matofali, mabenchi, televisheni moja na jenereta. Humo alizaliwa msanii mpya, mtafsiri wa filamu, ambaye huyapokea maneno ya Kikantoni au ya Kiingereza na kuyageuza papo hapo kuwa Kiswahili cha mtaani, akiongeza vituko vyake na kuwapa wahusika majina ya nyumbani. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Wapenzi wa fasihi simulizi wangefanya vyema kuwatazama watu hao kama jamaa za watambaji hadithi. Kupitia kwao Shaolin ikawa mahali panapojulikana mpaka katika vijiji visivyo na umeme, na stelingi hafi ikawa kanuni inayotambuliwa na kila mtoto.

Namna ya kujifunza ikawa hii. Vijana hutazama filamu jioni, na asubuhi hukutana nyuma ya shule au katika kiwanja cha mpira. Mwenye kumbukumbu kali huonesha alichokiona. Wengine humfuata. Hutengeneza silaha kwa vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo, hufunga gunia la mchanga mtini, huruka na kuanguka, hukatika meno. Aliye bora kuliko wenzake huitwa mwalimu, na kwa kiasi fulani ni haki yake. Katika baridi ya Iringa, umande ukiwa bado haujakauka, hayo ni mazoezi ya kweli na jasho ni la kweli.

Kuwacheka ni rahisi, wala si insafu. Kosa halikuwa lao. Sinema huonesha mwisho wa elimu na kuficha mwanzo wake. Inaonesha teke, haioneshi miezi ya mkao wa farasi, kwa kuwa hakuna anayelipa kiingilio ili atazame mtu amesimama. Ilitokea filamu moja tu mashuhuri iliyothubutu kinyume chake, The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, ambayo sehemu kubwa yake ni mafunzo matupu: mtawa mpya hubeba ndoo za maji mikono imenyooshwa pembeni, visu vimefungwa chini ya mikono ili asithubutu kuishusha. Wala haikuwa bahati. Aliyeiongoza, Lau Kar-leung, alifundishwa ngumi na baba yake, Lau Cham. Baba alifundishwa na Lam Sai-wing, aliyekuwa muuza nyama. Na Lam alifundishwa na Wong Fei-hung mwenyewe, tabibu na fundi wa ngumi wa Guangdong. Nyuma ya kivuli kile palikuwa na isnadi kamili ya watu wanne. Ila mtazamaji wa kibandani angeijuaje? Isnadi haionekani ukutani.

Wachina wenyewe wanayo hadithi inayowatetea vijana wa vibandani. Yang Luchan, aliyeipeleka taichi Beijing katika karne ya 19, husimuliwa kwamba alianza kuwa mtumishi katika kijiji cha Chenjiagou, akawa anachungulia usiku penye ufa wa ukuta huku wenye ukoo wakifanya mazoezi, kisha akarudia peke yake gizani alichokiona. Ni ngano, na huenda haina ukweli mkubwa kuliko ngano nyingine. Lakini ngano hiyo ina sehemu ya pili ambayo wapenda sinema huiacha. Yang aligunduliwa. Chen Changxing, mkuu wa sanaa, alimwita, akamtaka aoneshe alichoiba, akaona kwamba kijana ana kipaji na kwamba mengi ameyashika vibaya. Akamkubali, na Yang akakaa kwa miaka akisahihishwa. Mchunguliaji wa Chenjiagou na mchunguliaji wa kibanda cha Mafinga walianza mahali pamoja. Tofauti ni kwamba ukuta wa kwanza ulikuwa na mtu upande wa pili.

Tanzania haikukosa kabisa mkono wa mwalimu kutoka upande ule. Katikati ya miaka ya 1960, kabla ya taruma la kwanza kulazwa, serikali ilipeleka China kundi la vijana kujifunza sarakasi. Walikaa kwa miaka, wakisimamishwa kwa mikono, wakipindwa migongo, wakirushwa na kudakwa na walimu walioanza wangali watoto. Waliporejea mwaka 1969 wakaunda kikundi cha taifa cha sarakasi. Kikundi chenyewe hakikudumu zaidi ya miaka kumi na kidogo, lakini mafunzo yalikwisha kupata wenyewe. Yaliendelea katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, na katika vikundi vya mitaani ambavyo wanachama wake hawajui tena kwamba mnara wa watu wanaoujenga ufukweni una asili ya mbali. Hawahitaji kujua. Aliyemshika kiuno mwanafunzi wa leo alishikwa kiuno na mtu aliyeshikwa kiuno na Mchina. Sarakasi na kungfu ni ndugu wa nyumba moja, na mmoja wao ndiye aliyefika na barua ya utambulisho.

Njia ya pili ilikuwa ndefu na ya mzunguko, na jina lake halikuwa la Kichina. Katika miaka ya 1970, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi mmoja kati ya wengi waliovutwa na Tanzania ya Nyerere, alianza kufundisha karate ya Goju-Ryu katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam. Karate huhesabiwa kuwa ya Kijapani, na ndivyo ilivyo kwa jina. Lakini Goju-Ryu ilitoka Okinawa, na Okinawa iliipata kutoka Fuzhou, mji wa bandari wa kusini ya China, ambako Higaonna Kanryo alikwenda kujifunza katika karne ya 19. Mwanafunzi wake, Miyagi Chojun, ndiye aliyeipa jina, na jina hilo, lenye maana ya ngumu na laini, alilitoa katika shairi la Kichina lililokuwa ndani ya kitabu cha mapigano kilichotunzwa Okinawa. Ubeti ulisafiri kutoka Fuzhou mpaka Naha, ukavuka bahari mbili, ukafika Upanga ukiwa bado umo midomoni mwa watu.

Kuanzia miaka ya 1970 mpaka leo Wachina hawakuondoka Nyanda za Juu. Shamba la mpunga la Mbarali, katika tambarare za Usangu, lilijengwa kwa msaada wao katika muongo huohuo, na mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, huko Mbeya, ukafuata mwaka 1988. Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2013, na katika sherehe zake lugha huandamana na maonyesho ya ngumi na taichi. China ya sasa haioni haya tena juu ya mambo ya kale. Inayapeleka nje, tena kwa fahari, na wushu ilikubaliwa kuingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar, mwaka 2026. Serikali iliyowafukuza watawa ndiyo inayowalipia nauli.

Kati ya waliojenga reli, zaidi ya 60 wamelala katika makaburi yao karibu na Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wapo waliofukiwa na miamba, waliougua, waliopata ajali za magari. Makaburi yamepangwa kwa safu, kila moja na jina lake. Hakuna jiwe lililoandikwa kwamba huyu alikuwa fundi wa ngumi, na pengine hakuwapo hata mmoja. Katika Shule ya Zanaki, wanafunzi walisimama katika zoezi liitwalo sanchin, miguu imekita, pumzi ikishuka tumboni, nao mwalimu akiwazunguka nyuma na kuwapiga mabegani kwa viganja ili asikie kama mwili umejibu. Zoezi hilo ni la Fuzhou. Vijana wa Makambako, ambako reli ilipita, walikuwa wakilitafuta katika mkanda wa video uliokwisha kuchakaa, picha ikikatika kila stelingi alipoinua mguu.